Githeri: chungu kimoja, koo mbili za mimea

Msomaji mpenzi, iwapo leo kuna githeri jikoni kwako, msihi mpishi akupe punje mbili tu kabla hajainjika chungu: moja ya mahindi na nyingine ya maharagwe. Ziwe zimelala majini usiku kucha. Mahindi yasiwe muthokoi, maana muthokoi umekwisha twangwa ukapoteza ganda na kiini, na hicho kiini ndicho tunachokitafuta. Wala usichukue zile mbegu za kupanda kutoka dukani, zilizopakwa rangi. Hizo zimetiwa dawa ya wadudu na ukungu. Si za kuchezewa na watoto, sembuse kutiwa chunguni.

Haya, anza na haragwe. Livue ngozi yake kwa kidole. Hutatumia nguvu yoyote, mara litafunguka lenyewe kuwa vipande viwili vinavyolingana. Katikati, upande mmoja, utaona kitu kidogo cheupe kilichojikunja. Hicho ndicho kimea chenyewe. Kina kijizizi na vijani viwili vyembamba mno. Na vile vipande viwili vikubwa ni nini? Hivyo pia ni majani! Ni majani ya mbegu yaliyonona kwa chakula ambacho mama yake haragwe alimwekea mwanawe kama masurufu ya safari. Kwa hivyo, ulapo maharagwe, kwa hakika unakula majani.

Sasa shika punje ya hindi. Ipasue upendavyo, haitafunguka mara mbili. Mzazi na aikate kwa kisu kutoka juu hadi chini. Ndani mna unga mwingi, na upande mmoja mna kiini cheupe kilichobanwa pembeni. Humo jani la mbegu ni moja tu, nalo kazi yake ni kunyonya ule unga na kuulisha mmea mchanga. Jani hilo halitoki nje kamwe. Hukaa humo humo ndani ya punje hadi akiba iishe.

Majani hayo ya mbegu wataalamu huyaita kotiledoni. Mimea yenye moja huitwa monokotiledoni, na yenye mawili dikotiledoni. Usitishwe na urefu wa majina haya. Ni Kigiriki tu, na yule "mono" na "di" ni moja na mbili. Aliyeyapa uzito tofauti hizi ni Mwingereza John Ray, mwana wa mhunzi wa kijijini, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1682 aliitenga mimea kwa kutazama majani ya mbegu, na kufikia 1703 alikuwa amekwisha kuyatumia majina hayo mawili kwa mimea yote itoayo maua. Leo mimea ya namna hiyo inayojulikana duniani ni takriban aina 300,000. Yenye jani moja la mbegu ni kama sehemu moja kwa tano hivi. Usiidharau kwa uchache wake, kwani humo mna mahindi, mpunga, ngano, mtama, wimbi, muwa, mgomba, mnazi na nyasi zote anazokula ng'ombe.

Huenda mtu akaniuliza, "Haya yanamhusu nani ila mwanafunzi anayengoja mtihani?" Yanamhusu kila mwenye shamba nyumbani, kila mwenye mti mmoja wa avokado nyuma ya nyumba, na kila anayetuma pesa mashambani za kununulia dawa ya magugu. Hapo kwenye dawa ndipo watu huliwa na hasara, na nitafika huko. Kwanza tuendelee na punje zetu.

Chukua mkebe mtupu au glasi, utie pamba iliyolowa, kisha uweke punje nyingine za hindi na haragwe kando kando ambako watoto wataweza kuzitazama. Baada ya siku chache utaona tofauti ya tabia. Hindi litachomoza kama sindano, limejifunga ala nyembamba inayolinda majani yake yasichubuliwe na udongo. Haragwe nalo hutoka limeinama, mgongo ukitangulia, likivuta nyuma yake vile vipande viwili. Yakishafika juu hunyooka na kuyafungua. Kadiri siku zinavyokwenda, vipande hivyo husinyaa na kudondoka, maana akiba imekwisha liwa.

Sasa fikiria mbuzi wa jirani ameingia shambani wiki mbili baada ya kupanda. Ukipigiwa simu kutoka nyumbani kwamba kila kitu kimeliwa, usikimbilie kununua mbegu zote upya. Hindi changa huficha ncha yake ya kukua chini ya udongo hadi liwe na majani kama matano au sita. Mbuzi amekula majani tu. Ncha ingali salama, na mara nyingi mmea utainuka tena. Haragwe halina bahati hiyo. Ncha yake iko juu, baina ya vile vipande viwili, na vichipukizi vyake vya akiba viko hapo hapo. Likikatwa chini ya vipande hivyo, limekwisha. Kwa hivyo ngojea siku chache uone mahindi yanavyofanya, nawe rudishia maharagwe.

Kwa sababu iyo hiyo ya ncha kukaa chini, nyasi za uani hufyekwa leo na wiki ijayo zikawa zimerudi. Jani la nyasi hukua kutoka shinani pake, si kutoka ncha yake. Jaribu kuifyeka miche ya nyanya vivyo hivyo uone!

Kuhusu alama za nje, walimu huzifundisha vizuri na sina haja ya kuzirefusha. Jani la hindi lina mishipa inayokwenda sambamba kama mistari ya daftari. Jani la sukuma wiki lina mishipa iliyotawanyika kama wavu wa mvuvi. Ng'oa hindi, utaona mizizi mingi myembamba mfano wa ndevu. Ng'oa mchicha, utaona mzizi mmoja mkuu ulioshuka chini na vijizizi pembeni. Maua ya upande wa hindi aghalabu huhesabika kwa tatu: ua la kitunguu lina petali sita, yaani tatu mara mbili. Upande wa pili huhesabika kwa nne au tano. Ukiacha sukuma wiki yako izeeke itoe maua, hesabu: petali nne zilizokaa kama msalaba. Ua la haragwe ni tano, na la mhibiskasi wa uani ni tano pia.

Lakini mwanafunzi, jihadhari na nduma. Jani lake ni pana kama sinia, mishipa yake imeachana na kuungana huku na huku, na mtu angeapa kuwa ni ndugu ya maboga. La hasha! Nduma iko upande wa mahindi na migomba. Viazi vikuu navyo vina majani yenye wavu, na viko upande huo huo. Ndiyo maana nasema alama moja haitoshi. Mtahini mwerevu hupenda sana kukuletea jani la nduma.

Tofauti kubwa zaidi imefichwa ndani ya shina, na hapa nakuomba unipe nafasi, maana ndipo penye faida.

Kila mmea una mirija ya kupandisha maji na mirija ya kushusha chakula. Katika shina la mwembe au mwavokado, mirija hiyo imejipanga duara karibu na gamba, na baina ya mirija ya maji na ya chakula pana utando mwembamba ulio hai, uitwao kambiamu. Utando huo kazi yake ni kuzaa. Huzaa mbao kwa ndani na gamba kwa nje, mwaka baada ya mwaka, na ndivyo mti unavyonenepa. Katika mnazi, mgomba, muwa na mahindi, mirija imetawanyika ovyo ndani ya shina zima kama nyuzi, wala hakuna kambiamu. Kata shina la hindi bichi uone vile vidoa vidogo vilivyoenea kote.

Waulize wagema wa Pwani. Wao hukata vidato kwenye shina la mnazi ili wapate pa kutia mguu wanapopanda. Vidato hivyo hubaki hapo maisha yote ya mnazi, wala havizibiki. Ungechanja mwembe hivyo, baada ya miaka kidonda kingekuwa kimekwisha zibwa na mbao mpya. Mnazi hauna wa kuuziba. Aidha haunenepi, unene uliokuwa nao ulipoanza kupanda juu ndio utakaokuwa nao ukizeeka. Na una ncha moja tu ya kukua, kule kileleni. Yule mbawakawa mwenye pembe akiitoboa akaila yote, au mtu akiikata, mnazi umekufa hata kama shina lingali imara kama nguzo ya stima.

Kwa upande wa pili, mwavokado una udhaifu ambao mnazi hauna. Mbuzi akilitafuna gamba kuuzunguka mti wote, hata kama ni upana wa kiganja tu, chakula hakishuki tena mizizini na mti utakufa polepole. Mwenye mti asipoelewa atasema umerogwa. Basi zungushia miche yako michongoma au waya mapema.

Kambiamu hiyo hiyo ndiyo iliyowatajirisha wauzaji wa miche. Wanapochukua kijiti cha avokado aina ya Hass wakakiunga juu ya shina la avokado ya kienyeji, wanachofanya ni kukutanisha kambiamu ya huyu na ya yule. Zikigusana na kufungwa vizuri, hushikana na kuwa mti mmoja, wenye mizizi ya kienyeji na matunda ya soko. Hufanywa hivyo kwa maembe, machungwa na waridi pia. Ndiyo maana, msomaji, akitokea mtu kando ya barabara akakuuzia mche wa nazi au mgomba "uliounganishwa" apate bei kubwa, mwachie mche wake. Mgomba huzalishwa kwa machipukizi, au kwa miche inayokuzwa ndani ya chupa katika maabara.

Kwa karne nyingi iliaminika kwamba mimea ya jani moja la mbegu haiwezi kuunganishwa kamwe. Hata hivyo, mwishoni mwa 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walitangaza kuwa wameweza, kwa kuunganisha viini vichanga mno vilivyotolewa ndani ya mbegu, kabla mmea haujawa mmea. Walifaulu kuunga ngano na nafaka ya chakula cha farasi, ile iitwayo oti, na wakaonyesha kwamba njia hiyo inawezekana kwa jamaa nyingine nyingi za upande huo. Ni habari njema kwa wapenda ndizi, kwani kuna ukungu wa ardhini unaoua migomba kupitia mizizi, na mizizi ya kuazima ingekuwa kinga. Lakini hiyo bado ni kazi ya maabara, si ya muuza miche wa barabarani.

Sasa tuje kwenye dawa ya magugu. Jirani yangu mmoja hapa jijini ana kishamba huko Trans Nzoia ambacho mama mkwe wake humlimia, mahindi na maharagwe pamoja kama ilivyo desturi. Msimu mmoja vibarua wa kupalilia walipokosekana, alituma pesa kwa simu.

"Mama, nunua dawa ya magugu, upigiwe na yule kijana mwenye pampu."

Mama akaenda dukani. Mwenye duka akamwuliza, "Ni ya mahindi, mama?"

"Ni ya mahindi, mwanangu."

Akapewa dawa ya mahindi. Hakudanganywa. Mahindi hayakudhurika hata kidogo, na magugu ya majani mapana yalikufa. Maharagwe yalianza kujisokota siku ya pili, mashina yakapinda kama waya, majani yakajikunja, na kabla ya wiki mbili kuisha hakukuwa na haragwe hata moja la kuliwa. Mama alidhani ni ugonjwa.

Dawa nyingi zinazoitwa za mahindi, na iliyo kongwe miongoni mwake ni 2,4-D iliyoanza kuuzwa miaka ya 1940 baada ya Vita Vikuu vya Pili, huiga homoni ambayo mmea huitumia kukua. Mmea wa majani mawili ya mbegu ukiipata kwa wingi hukua kwa wazimu bila mpango, mirija yake ikajiziba, ukafa. Nyasi huistahimili. Huivunja-vunja upesi mwilini, mirija yake imetawanyika na haina ile kambiamu ya kuchochewa, na hata majani yake membamba yaliyosimama hayapokei matone mengi. Hindi ni nyasi, kwa hiyo hupona. Lakini dawa haijui kusoma nia ya mkulima. Haragwe lako na gugu lake, kwayo, ni watoto wa nyumba moja.

Kwa hivyo, wewe unayetuma pesa, sema wazi: "Ni shamba la mahindi na maharagwe pamoja." Kibandiko cha dawa kitaje mimea yote miwili, kisipoitaja, ni heri jembe. Zipo dawa za kinyume chake, zinazoua nyasi na kuacha maharagwe, nazo zikipigwa kwenye mchanganyiko ndipo mahindi yatakapokuona mbaya. Na zile za glaifoseti haziulizi ukoo wa mtu. Huua huku na huku.

Pampu nayo ni hatari iliyojificha. Kijana anayekodisha pampu yake amepiga 2,4-D kwa mahindi ya jirani jana, leo anakuja kwako kupiga dawa ya ukungu kwenye nyanya. Mabaki kidogo tu yaliyosalia ndani yatazisokota nyanya zako. Upepo pia huweza kuichukua dawa kutoka shamba la jirani. Ioshe pampu mara kadhaa kwa sabuni na maji, au uwe na yako.

Usidhani pia kwamba "jani moja la mbegu" maana yake ni nyasi tu. Zile dawa za kuua nyasi zinaweza kupigwa katika shamba la vitunguu bila kuvidhuru, ijapokuwa vitunguu viko upande huo wa mahindi. Zimelenga jamaa ya nyasi, si ukoo mzima. Ndago nayo hufanana na nyasi hata ikawahadaa wakulima. Bingirisha shina lake vidoleni, utahisi pembe tatu. Hiyo si nyasi, na dawa ya nyasi haiiwezi.

Nimalizie na jambo jipya kwa wanafunzi, na ambalo vitabu vingi vya shule havijalitilia maanani. Tangu miaka ya 1990, wataalamu walipoanza kulinganisha chembe za urithi za mimea, waligundua kwamba ukoo wa jani moja la mbegu ni ukoo wa kweli, wote wakitoka kwa babu mmoja. Ule wa majani mawili sivyo. Mnamo 1998 walitoa mpangilio mpya wa mimea itoayo maua, na humo ule ukoo mkubwa wa John Ray ulivunjwa. Wengi wao, kama maharagwe, nyanya, sukuma wiki, maembe na kahawa, walibaki pamoja. Kikundi kingine kilitengwa kando, nacho kina mwavokado, mstafeli, mdalasini, kungumanga na pilipili manga. Hawa wana majani mawili ya mbegu kama haragwe, lakini walijitenga zamani sana na kwenda njia yao. Myungiyungi ya majini ilijitenga mapema zaidi.

Tazama basi sufuria ya pilau. Mchele, vitunguu, vitunguu saumu, tangawizi na iliki ni wa jani moja. Nyanya, karafuu, viazi na bizari nyembamba ni ndugu za haragwe. Mdalasini na pilipili manga ni wa ule ukoo uliotengwa. Watoto wakishiba, waulize kila kitu kilitoka wapi, ila usiwatarajie wakubali kwa urahisi kwamba tangawizi ni jamaa ya mgomba. Wapeleke dukani wakachague tangawizi yenye macho, waizike nusu ndani ya mkebe wa udongo wenye unyevu na kuuweka penye joto. Jani likitoka, walishike mbele ya dirisha wahesabu mishipa.

Mtihanini, hata hivyo, ukiulizwa makundi makuu ya mimea itoayo maua, andika yale mawili. Mtahini bado anayataka.